Barua ya wazi: Tuandikieni alama inayomwingiza mtoto udaktari

Kwa Waziri wa Elimu, kwa KUCCPS inayowapangia wanafunzi vyuo, kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), na kwa wakuu wa vitivo vya tiba nchini.

Waheshimiwa,

Nina saiba Kayole. Kompyuta sita, printa moja na feni inayozunguka ikijisikia. Siku za kawaida kazi yangu ni kodi za KRA, vyeti vya maadili mema, CV na picha za pasipoti. Lakini tovuti ya KUCCPS ikifunguliwa, chumba hiki hugeuka ofisi ya ushauri ambayo hakuna aliyeniajiri kuiendesha. Vijana waliomaliza Kidato cha Nne huja na mzazi, shilingi 1,500 za maombi zikiwa kwenye M-Pesa, na wengi wao wana neno moja tu mdomoni: udaktari.

Juu ya printa nimebandika karatasi ya manila. Nilianza kuiandika baada ya kumkosea msichana mmoja, na kwa kuwa kosa lile lilikuwa nusu langu, acha nianze nalo.

Alikuwa na wastani wa B+. Kwenye Bayolojia alipata B+, Kemia B, Hisabati B, Kiingereza B+. Shuleni kwao mwalimu alikuwa amewaambia kwamba ukiwa na B nne za masomo hayo, udaktari ni wako. Mama yake alikuwa amefunga kibanda cha mboga asubuhi hiyo ili waje pamoja. Nikasoma masharti: wastani wa C+, na B katika Bayolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Anayo yote na ziada. Nikamjazia udaktari chaguo la 1a, la 1b na la 1c, vyuo vitatu vya umma. Mama akaniambia Mungu anibariki, akaniachia na sukuma wiki ya shilingi hamsini.

Alikosa vyote vitatu. Raundi ya kubadilisha machaguo ilipofika, kozi nzuri za afya zilizobaki zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, akaishia kwenye kozi ambayo hata jina lake alilisikia mara ya kwanza pale kwangu. Mama yake bado hupita hapa. Hanilaumu, na hilo ndilo hunisumbua zaidi.

Usiku ule nilikaa na kikokotoo. Hesabu ya pointi za klasta, zile zinazotumika kuwapanga waombaji wa kila kozi, inayosambaa kati yetu wenye saiba ni hii: unajumlisha pointi za masomo manne ya kozi (A ni 12, A- ni 11, na kushuka hivyo), unagawanya kwa 48, unajumlisha pointi za masomo saba, unagawanya kwa 84, unazidisha matokeo hayo mawili, unatafuta kipeuo cha pili, kisha unazidisha kwa 48. Nikamfanyia msichana wangu. Masomo manne yalimpa 38, masomo saba 70. Jibu likaja 39 kasoro kidogo. Nikafanya ya mtoto aliyetimiza masharti na asizidishe hata chembe, B nne na wastani wa C+, yaani 36 na 49. Jibu: chini ya 32. Halafu nikatazama alama za mwisho zilizoingiza watu udaktari kwenye vyuo vya umma vya hapa Nairobi na Juja. Zinapita 40, na vile vinavyogombaniwa zaidi hufika katikati ya arobaini. Mtoto mwenye A- tupu, somo baada ya somo, hupata 44 kamili. Ndiyo kusema kati ya masharti yaliyoandikwa na mlango wenyewe kuna pengo la pointi zaidi ya nane, na kwa vyuo vinavyogombaniwa zaidi linapita kumi, na ndani ya pengo hilo ndimo wanamoanguka watoto wa Kayole.

Nawapa haki yenu. Alama za miaka iliyopita hamjazificha, ziko kwenye tovuti kwa anayejua pa kubonyeza. Orodha ya vyuo vinavyotambuliwa na Baraza ipo pia. Ada zipo. Lakini kila kimoja kina kikao chake, na mzazi anayesoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka hukutana kwanza na C+ na B nne. Hilo ndilo hulishika. Kwenye KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne, mwaka 2024 watahiniwa 246,391 walipata C+ au zaidi. Waliopata A kamili walikuwa 1,693. Sasa C+ inamwambia nini mzazi kuhusu udaktari? Inamwambia mwanawe ni mmoja wa watu robo milioni.

Nimejiuliza sana ile B nne ni ya nani basi, maana haikuandikwa bure. Jibu nililipata kwa wateja. Alikuja baba mmoja na gari lake, akaliegesha mbele ya duka la dawa, mwanawe ana B na B- nyingi na zile nne zinazotakiwa. Hakutaka KUCCPS. Alitaka kuchapiwa fomu ya chuo cha kibinafsi. Mtoto yule anasoma udaktari leo, na simwonei kijicho, masharti alitimiza. Ila kwa mara ya kwanza nilielewa: kima cha chini ni mlango wa mwenye pesa, na alama ya klasta ni mlango wa asiye nazo. Zamani ilikuwa hivyo hivyo hata ndani ya vyuo vya umma, enzi za paraleli, yaani kozi za kujilipia, ambapo watoto wawili walikaa benchi moja, mmoja kaingia kwa alama na mwingine kwa stakabadhi za benki. Baraza lina sababu nzuri ya kuweka kima cha chini. Linalinda wagonjwa, na hakuna anayetaka daktari aliyepata D ya Kemia. Lakini kima hicho kinapobandikwa peke yake mbele ya mtoto asiye na karo, kinamdanganya bila kusema uongo.

Ndipo nikaanza manila. Safu ya kwanza Kenya, kisha majirani, kisha huko mbali, kwa sababu maswali yenyewe huja hivyo. "Madamu, na Uganda je? Na Uingereza wanataka nini?"

Uganda kwanza, maana huko ndiko wazee wetu walikosomea. Makerere ilianza kufundisha tiba mwaka 1924, na kabla ya Chuo Kikuu cha Nairobi kufungua kitivo chake mwaka 1967, Mkenya aliyetaka kuwa daktari bila kuvuka bahari alipanda treni kwenda Kampala. Wao wana Kidato cha Sita, na hesabu yao ina uzani: Bayolojia na Kemia ndiyo masomo ya lazima kwa udaktari na pointi zake huzidishwa kwa tatu, masomo mengine yanayohusiana huzidishwa kwa mbili, na yaliyobaki hupewa uzani mdogo. Msichana huongezewa pointi 1.5 kwenye vyuo vya umma, utaratibu ulioanza mwaka 1990. Unaweza kuupenda au kuuchukia, lakini binti wa huko anajua kabla ya mtihani kwamba jasho lake alimwage kwenye Bayolojia na Kemia. Wangu mimi huniuliza baada ya mtihani.

Tanzania ndiyo iliyonitia wivu. Si kwa sababu masharti yao ni rahisi. Wanataka Fizikia, Kemia na Bayolojia zote tatu za Kidato cha Sita, jumla isiyopungua pointi 6, na mtu akikwambia hiyo inatosha kuingia Muhimbili mcheke, kwa maana kizingiti chao nacho kiko chini na msongamano uko juu. Kilichonitia wivu ni kitabu. Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania hutoa mwongozo wa udahili (neno zuri hilo, tuliazime) ambamo kila kozi ya kila chuo ina mstari wake: masharti, miaka ya kusoma, na idadi ya nafasi. Idadi ya nafasi! Mzazi akiona nafasi za kozi chuoni ni mia moja na kitu, na zinagombaniwa na nchi nzima, hahitaji mimi wa kumtafsiria. Anashusha pumzi, anatafuta chaguo la pili lenye maana.

Mwongozo huo huo unasema pia kwamba mwenye diploma ya utabibu yenye wastani wa B au GPA ya 3.0, na aliyefaulu masomo ya sayansi Kidato cha Nne, anaweza kuomba udaktari. Kwetu swali hili huletwa na vijana waliosoma KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Waliingia na C, wakasoma miaka mitatu, wameshona vidonda na kutibu malaria kaunti ambazo daktari huonekana kwa nadra, na sasa wanataka kupanda ngazi. Nikiwasaidia kuulizia, kila chuo hujibu lake. Kimoja kinataka alama za KCSE upya kana kwamba ile diploma ilikuwa ndoto, kingine kinataka diploma yenye sifa, cha tatu hakijibu barua pepe. Afisa wa kliniki mwenye miaka minane kazini anaulizwa alipata nini kwenye Fizikia akiwa na umri wa miaka kumi na saba. Kuna hoja ya kitaaluma hapo, sikatai. Ila iandikwe mara moja, iwe moja kwa vyuo vyote.

Uingereza na Marekani nimeziweka chini kabisa ya manila na kwa herufi ndogo, kwa kuwa wanaouliza ni wengi na wanaokwenda ni wa kutafuta kwa tochi. Marekani usome kwanza digrii nyingine, kisha ufanye mtihani wa MCAT ambao alama yake ya juu ni 528, ndipo uanze miaka minne ya udaktari. Uingereza vyuo vingi hutaka A tatu hivi za A-level, Kemia na mara nyingi Bayolojia zikiwemo, pamoja na mtihani wa UCAT ambao hauulizi sayansi hata kidogo; unapima kusoma haraka, kufanya uamuzi, kucheza na tarakimu, na ungefanya nini mgonjwa au mwenzako akikuweka njia panda. Kisha usaili wa vituo vituo, dakika chache kila chumba, mbinu iliyotoka Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada.

Usaili huo baadhi yenu mmewahi kuutamani hadharani. Mimi naomba mwende polepole. Katika nchi hii kila chumba cha usaili kina mjomba wa mtu. Ubaya wote wa pointi za klasta ninaujua, lakini pointi hazipigiwi simu usiku.

Jambo moja la Uingereza ningependa mlitazame hata hivyo. King's College London ina programu ya udaktari iliyorefushwa, tangu mwaka 2001, kwa wanafunzi wa shule za serikali zilizo kwenye mitaa isiyojiweza. Wanaingia na alama pungufu kidogo, wanaongezewa mwaka mmoja, wanatoka na digrii ile ile. Sisi tunapima B+ ya shule ya kutwa, ambayo maabara yake ina bunseni mbili zinazofanya kazi, kwa mizani ile ile ya A ya shule ya kitaifa. Sisemi mshushe viwango. Nasema B+ ile nimeiona ikisomewa hapa kwangu saa tatu usiku, kwa sababu nyumbani tokeni za stima zilikuwa zimeisha.

Kuna na mawakala. Watu nadhifu, wenye broshua za vyuo vya nje, wanaozunguka mitaani kila matokeo yakitoka, na masharti yao huwa mepesi kuliko uji. Mmoja aliniomba nibandike tangazo lake mlangoni kwa kamisheni. Nilimuuliza swali moja: akirudi Kenya, atafanya kazi moja kwa moja? Akasema bila shaka. Si kweli. Aliyesomea nje ya Afrika Mashariki anakutana na mtihani wa Baraza kabla ya kukubaliwa kufanya mafunzo kazini, na chuo chake lazima kiwe kinatambuliwa. Mzazi anauza shamba Machakos bila kujua hilo. Tangazo lake sikulibandika, lakini lilibandikwa duka la tatu kutoka langu.

Sasa nifike kwa Gredi ya 10, kwa kuwa hapa hatujachelewa bado.

Kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia shule ya upili ya juu Januari 2026 na litamaliza mwaka 2028, mwaka mmoja baada ya KCSE ya mwisho. Kila mtoto anabeba masomo ya lazima na matatu ya kuchagua. Matatu tu. Katika 8-4-4, mtaala wa zamani, mtoto aliweza kubeba Bayolojia, Kemia, Fizikia na bado akawa na Historia au Biashara mfukoni, na akichechemea kwenye Fizikia, Hisabati ilimwokoa. Leo mtoto wa miaka kumi na tano aliyechagua Bayolojia, Kemia na Kilimo kwa sababu shule yake haikuwa na mwalimu wa Fizikia, je, amejifungia mlango wa udaktari au hajajifungia? Mama zao wananiuliza mimi, mwenye saiba. Nimekuwa nikiwaambia wachukue Bayolojia, Kemia na Fizikia kama shule inaruhusu, kwa hesabu kwamba hakuna chuo popote duniani kitakachomkataa mtoto kwa kuwa na Fizikia nyingi mno. Ni ushauri wa mwoga. Ukimwangukia mtoto asiyeiweza Fizikia, unamnyima alama ambazo Kilimo kingempa.

Kwa hiyo semeni sasa. Wakuu wa vitivo vya tiba, KUCCPS na Baraza mketi meza moja, mtangaze masomo matatu ya udaktari kwa kundi la 2028, na kama Hisabati itaendelea kusimama badala ya Fizikia mseme hivyo waziwazi, kabla shule hazijafunga milango ya kubadilisha masomo. Mkingoja hadi watoto hawa wafike Gredi ya 12, tangazo lenu litakuwa la kuwapa pole.

Na kwa hawa wa KCSE waliobaki, sitaki mambo makubwa. Palipoandikwa udaktari, mstari mmoja: kima cha chini cha Baraza, alama ya klasta ya mtu wa mwisho kuingia mwaka uliopita, idadi ya nafasi, na ada ya miaka yote sita ikiwa imejumlishwa. Huwa naona ada ya mwaka mmoja pekee, halafu mimi ndiye hushika kikokotoo na kuzidisha kwa sita mbele ya mzazi, na si kazi ya kupendeza kuutazama uso wa mtu wakati huo. Hesabu ya klasta nayo ichapwe rasmi na mfano wake uliokokotolewa hadi mwisho, kwa maana tarakimu zetu za saiba na za tovuti hupishana desimali, na mtoto aliyekosa kwa desimali anastahili kuona ilikotoka.

Iandikwe na kwa Kiswahili. Kiswahili kinakubalika kwenye klasta ya udaktari mahali pa Kiingereza, mtoto anaweza kuingia kitivo cha tiba kwa A yake ya insha na ushairi, lakini mama yake akitaka kusoma masharti kwa lugha hiyo hiyo inabidi aje Kayole nimsomee.

Najua mtasema hata wakiingia, huko mbele kuna shida kubwa zaidi: madaktari waliomaliza miaka sita wakakaa nyumbani wakisubiri kupangiwa mafunzo kazini, na mgomo wa mwaka 2024 ulioanza Machi hadi Mei, posho yao ikiwa sehemu ya ugomvi. Ni kweli, na watoto wanajua, wanasoma habari kwenye simu. Bado wanakuja. Juzi kuna kijana wa Gredi ya 10 amekuja kuchapa kazi ya Bayolojia, mchoro wa moyo, akakaa anaisoma manila yangu hadi mdogo wake akaanza kulia njaa. Aliniuliza kwa nini safu ya mwaka 2028 haina kitu. Nikamwambia nasubiri watu fulani wanijazie.

Manila ile niliiandika kwa mkono, na huenda ina makosa. Baadhi yenu mna wapwa hapa Kayole, mtumeni mmoja aje aipige picha. Palipo na kosa nisahihisheni kwa maandishi, na ile safu tupu mnijazie. Nikipata jibu lenu nitalichapa kwa karatasi ya A3, rangi, kwa gharama yangu, na nakala moja nitaipeleka kwenye kibanda cha mboga.

Mwenye saiba,
Kayole, Nairobi